Midomo ya Igoki

Igoki alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nimekaa dukani kwangu hapa Meru mjini, na kwa sababu hakuwa amenipigia kwa miaka mingi, nilidhani kuna msiba. "Kaari, usiogope, hakuna mtu amekufa," akasema, akacheka kile kicheko chake cha puani. "Kanini wangu anachukuliwa kuolewa. Wanaleta mbuzi Jumamosi ile ingine, huko Siakago kwa cucu, nyanya yake. Nimeambiwa niite watu wangu, nikahesabu, nikapata wewe." Nikamwambia hongera, nikamwambia nitakuja bila kukosa, nikamuuliza habari ya majani chai yao ya Kianjokoma. Tulipokata simu niliketi tu. Mteja aliingia akauliza bei ya sabuni, akauliza tena, akatoka. Mimi si mtu wa kulialia, wanaonijua watakuambia. Lakini kuitwa mtu wake na Igoki kuliniuma kuliko kutukanwa, kwa sababu mwaka mmoja nikiwa na miaka ishirini na sita nilimfanyia yule mwanamke jambo ambalo mpaka wiki ile sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu, hata kwa maombi sikuwa nimelitaja kwa jina lake.

Mwaka huo tulikuwa tunaishi pamoja Embu mjini, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya mahindi, sebule ndogo yenye viti vya mbao na jikoni ambayo nusu ilikuwa ya Igoki na nusu yangu. Yeye alikuwa mpishi katika kantini moja ya wanafunzi. Mimi nilikuwa na diploma ya kemia, kazi hakuna, na kiburi kingi. Alikuwa amenizidi miaka saba hivi, na alinichukua kama mdogo wake: akirudi jioni amenibebea chapati mbili ndani ya karatasi, na nikisema nimeshiba anasema, "Kula, shibe ya maneno haiendi mbali." Hakunificha maisha yake. Mumewe, Njeru, alikufa kwa ajali ya lori, na Igoki akaanza kunywa. Alikunywa miaka miwili, zile pombe za kupimwa kwa kikombe, mpaka mama mkwe wake, Mama Njeru, alipokuja kutoka Siakago akamkuta amelala mlangoni na mtoto analia ndani, akambeba mtoto akaenda naye. Hakumgombeza. Alimwambia tu, siku utakapokuwa mtu, utamkuta kwangu. Nilipomjua, Igoki alikuwa ameacha pombe miaka mitatu, ameokoka, anaimba sauti ya pili kanisani. Kila mwisho wa mwezi alienda Siakago kumwona Kanini, ambaye alikuwa na miaka saba na ameng'oka meno ya mbele, na mwaka huo Mama Njeru alikuwa hatimaye amekubali: shule zikifungwa Desemba, mtoto arudi kwa mamake. Igoki alikuwa ameshanunua kitanda kidogo. Kilikuwa kimesimamishwa ukutani sebuleni, bado kimefungwa plastiki, na kila mgeni akiuliza anaambiwa ni cha Kanini.

Kazi yangu ilikuja kupitia kwa Madam Lydia. Alikuwa na saluni tatu na kampuni yake ya urembo iliyokuwa inaanza kusikika, na alitaka mafuta ya midomo yaliyotengenezwa kwa ajili yake, si yale ya kununua kwa jumla kutoka nje halafu unabandika lebo yako. "Nataka kitu kinachotoka hapa," aliniambia, "mtu akipaka ajue si kile cha kila duka." Nikasema naweza. Kusema kweli sikujua kama naweza, lakini ukiwa na miaka ishirini na sita na huna kazi, unaweza kila kitu. Nilianza na mafuta ya makadamia kutoka kwa jamaa mmoja aliyekamua kwa mashine ya mkono, na nta ya nyuki ambayo Igoki alininunulia sokoni Siakago kila alipoenda kumwona mtoto. Nta ya kule hutoka kwa mizinga ya magogo, nyeusi, inanuka moshi. Niliiyeyusha ndani ya sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, nikaichuja kwa kitambaa mara tatu, na Igoki alikuwa ananipa nafasi kwenye meko yake kati ya maharagwe na ugali. Jikoni kwetu kulinuka asali na vitunguu kwa pamoja. Ule mchanganyiko wa kwanza niliupeleka kwetu Githongo mwezi wa Juni, baridi ikiwa imeshika kahawa, ukaganda ukawa kama mshumaa; ukijaribu kupaka unajikwaruza. Nikapunguza nta. Igoki akaupeleka kwenye joto la Siakago ndani ya mkoba, akarudi na mkoba wote umelowa mafuta, na kitambulisho chake kinang'aa kama kimepikwa. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipata kipimo cha katikati baada ya kujaribu mara nyingi kuliko nilivyomwambia Madam Lydia.

Kisha nikatafuta watu wa kujaribu. Nilikusanya wanawake kumi na wawili wa kanisani kwetu, nikawapikia chai ya maziwa na mandazi, nikawapa kila mtu kikopo, na baada ya wiki mbili nikawaita tena na mandazi mengine niwaulize. Wote walisema ni mazuri sana. Mmoja hakuwa hata amefungua kikopo chake, nilikiona ndani ya pochi yake na karatasi yake juu, lakini naye alisema ni mazuri sana. Ningekuwa na akili ningejua kwamba kwetu mtu hali mandazi yako akasema mafuta yako ni mabaya. Niliandika kwenye daftari: kumi na wawili, hakuna tatizo. Nilipompelekea Madam Lydia sampuli, alipaka, akasugua midomo, akatikisa kichwa. "Ni laini, lakini hayasemi kitu," akasema. "Nataka mtu akipaka asikie. Yawashe kidogo, midomo ijae." Basi nikaweka mafuta ya mdalasini. Matone machache kwanza. Akasema ongeza. Nikaongeza. Akasema ongeza tena, na nikaongeza, ingawa nilikuwa nimesoma, na nilikumbuka vizuri nimesoma wapi, kwamba mdalasini ukizidi unachoma ngozi ya watu wengine, na ngozi ya mdomo ni nyembamba kuliko zote. Wale wanawake kumi na wawili sikuwaita tena kujaribu mchanganyiko mpya. Nilimpa Igoki peke yake, kwa sababu alikuwa karibu, na kwa sababu mvuke wa kantini ulikuwa unampasua midomo, na kwa sababu yeye alikuwa anapaka kila nilichompa na kusema asante.

Baada ya siku tano midomo yake ilianza kubambuka. Baada ya siku kumi ilikuwa imevimba kidogo pembeni na imekuwa na rangi ile ya waridi, mbichi, ngozi ya juu imekwenda. Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa. Kwetu mtu hapimwi pombe kwa mashine, anaangaliwa mdomo. Zile pombe kali za bei ya chini huchoma midomo mpaka inakuwa myekundu na kuvimba, na ukimwona mtu namna hiyo asubuhi barabarani huhitaji kuuliza alikokuwa. Sasa fikiria ni mdomo wa mtu ambaye kila mmoja anajua alikuwa mlevi. Siku moja nilikuwa nachuja nta jikoni, dirisha wazi, nikawasikia wanawake wawili kwenye mfereji wa nje. Mmoja alisema, "Umeona Mama Kanini?" Mwingine akasema, "Nimeona. Na vile alikuwa ameimba vizuri Jumapili." Yule wa kwanza akasema, "Shetani hachoki." Hawakusema kwa ubaya. Walisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha, maana nilijua hakuna kitakachoizuia. Igoki aliporudi jioni aliniuliza, "Kaari, haya mafuta mapya, si yananichoma?" Nikamwambia ni baridi ya Agosti. Nikamwambia apake zaidi.

Nilisema hivyo. Nimejaribu miaka hii yote kutafuta namna nyingine nilivyosema, labda kwa upole, labda kwa mashaka, lakini nakumbuka vizuri: nilisema apake zaidi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo Madam Lydia alikuja kwetu mwenyewe, kuona kazi inapofanyikia na kukubali mchanganyiko ili oda ya vikopo itolewe. Igoki aliomba ruhusa kazini ili anipikie mgeni. Alichinja kuku, akapika chapati, akaponda mukimo wa viazi na mahindi, akatandika kitambaa cha kufuma juu ya meza. Tulikuwa ndiyo tumeketi, Madam Lydia ameshika paja la kuku kwa karatasi asichafue kucha, Mama Njeru alipobisha hodi. Kwetu mama mkwe hapigi simu kwamba anakuja. Alikuja na kilo mbili za ndengu na chupa ya asali, amevaa sweta yake ya kanisa, alitaka kuona kitanda cha mtoto na mahali kitakapowekwa. Igoki alimkimbilia, akampokea mzigo, akamwamkia kwa mikono miwili. Mama Njeru hakukitazama kitanda. Alimtazama Igoki mdomoni, akamtazama, akaketi polepole.

"Igoki," akasema kwa Kiswahili, nadhani ili sisi wageni tusikie, "hiyo mdomo ni ya nini?"

"Ni mafuta, mama. Ni haya mafuta ya Kaari. Yananichoma."

Alisema bila kutetemeka, kama mtu anayetaja jina lake. Kisha akanigeukia. Mama Njeru akanigeukia. Madam Lydia akaweka paja la kuku kwenye sahani, akajipangusa vidole kimoja kimoja, akaniuliza mimi, hakumuuliza Igoki, "Yanachoma watu?"

Oda ilikuwa ndani ya pochi yake. Niliiona karatasi imechungulia. Nikasema, "Wanawake kumi na wawili wamejaribu mafuta yangu. Hakuna hata mmoja ameungua."

Ukilitazama lile neno, halina uongo ndani yake. Ndiyo sababu lilitoka kwa urahisi. Mama Njeru alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyeletewa habari aliyoitarajia. "Nilizika mtoto wangu," akasema. "Sitazika na wa mtoto wangu. Hii mambo ya Desemba, tutaona." Na kwetu mzee akisema tutaona, ameshaona. Nilisubiri Igoki apige kelele, anitukane, aniambie niape. Alichukua upawa, akasema, "Mama, ongeza supu, safari ni mbali," akamimina supu bila kumwaga tone, na Mama Njeru akala, kwa adabu, mpaka akamaliza. Madam Lydia alisifu chapati. Wageni walipoondoka tulibaki jikoni, mimi nakausha vyombo, yeye anaosha, na akaniuliza bila kunitazama, "Kaari, ni mafuta ama si mafuta?" Nikasema, "Sijui." Akasema, "Sawa." Hakuuliza tena.

Aliacha kupaka siku hiyo hiyo. Katika wiki mbili midomo ilipona kabisa, ikarudi rangi yake, lakini neno lilikuwa limeshafika Siakago na kurudi, na mdomo uliopona hauna anayeutangaza. Kanisani walimwombea, wakamwambia apumzike kidogo kuimba. Nami mwanakemia mzima nilifanya nini? Kabla oda ya kwanza haijatengenezwa, nilipunguza mdalasini mpaka robo. Nilimwambia Madam Lydia kwamba bei ya mdalasini imepanda, na yeye hakuona tofauti, wala mteja yeyote hakuungua, mafuta yaliuzwa vizuri, yakanipa jina, yakanipa hili duka. Ningeweza kuchukua daftari langu lenye vile vipimo viwili, cha kwanza na cha pili, nikaenda Siakago, nikamwonyesha Mama Njeru. Ni saa moja tu kutoka Embu. Kila wiki nilipanga kwenda, na kila wiki nilikuwa na vikopo vya kujaza. Desemba ikafika, Kanini hakuja. Januari Igoki akarudi kwao Kianjokoma kuchuma chai ya babake. Hatukugombana. Alinipa sufuria yake kubwa, akasema itanifaa kwa nta, na kitanda akakipakia juu ya gari bado kimefungwa plastiki. Hakuwahi kuonja pombe tena, mpaka leo. Watu wa kwao walisema amebadilika tena, Mungu ni mwema, wakimaanisha kwamba mwaka ule alianguka.

Jumamosi ya mbuzi nilifika Siakago mapema, jua limeanza kuchoma. Hema mbili, viti vya kukodi, wanawake wamevaa lesu za sare. Nilimwona Igoki nyuma ya nyumba anasuuza sahani na wanawake wa majirani, kana kwamba yeye ni jirani. Wageni walipotoa zile blanketi za kumheshimu mama wa msichana, ziliwekwa mabegani mwa Mama Njeru, ambaye sasa ni mzee sana na haoni vizuri, na Kanini akamwinamia akamwita mami. Baadaye Kanini alipopita karibu na masufuria nilimsikia akisema, "Igoki, chai ya wazee iko?" Alimwita mamake kwa jina, kwa heshima, kama unavyomwita shangazi wa mbali. Nilishindwa. Nilimvuta Igoki mkono mpaka nyuma ya tangi la maji, nikamwambia yote: mdalasini, kipimo, jinsi nilivyojua tangu siku ya tano, jinsi nilivyopunguza kisiri. Nililia. Yeye alikuwa na povu la sabuni mpaka viwikoni, akangoja nimalize.

"Nilijua," akasema. "Niliwacha kupaka, mdomo ikapona. Hiyo si mpaka mtu asome kemia."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, Kaari. Nilisema mbele yenu wote. Si ni wewe uliulizwa?" Akajipangusa mikono kwa lesu. "Na sasa unaniambia mimi ya nini? Mimi naijua. Mwambie mwenye haijui." Akanyoosha kidevu kuelekea nyumba, akarudi kwenye sahani zake.

Nilimkuta Kanini chumbani kwa nyanyake, ameketi ukingoni mwa kitanda, wasichana wanajipanga naye wafunike nyuso zao kwa lesu ili mchumba amtafute kati yao. Nilimwomba dakika tano, wasichana wakatoka. Ana miaka ishirini na minne, mrefu, ana macho ya mamake, na alinisikiliza kwa adabu ya mtu asiyejua mgeni huyu anataka nini, mpaka nilipofika kwenye ile meza, yule kuku, na neno nililosema. Nikamwambia mamake hakuwa amekunywa. Hakuwa amekunywa mwaka ule, hakuwahi tena, ni mimi.

Alishika pindo la lesu yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, si kwangu hasa, "Mami alikuwa ananiambia kila Igoki akija kunitembelea, kimbia umkumbatie, umnuse mdomo, halafu uje uniambie. Nilikuwa namnusa kila mara. Kila mara nilimwambia mami sijasikia kitu, na mami anasema, basi leo amejificha vizuri."

"Yeye alikuwa anajua?" nikamuuliza, ingawa sikutaka kujua.

"Mwanzoni nilidhani hajui." Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la lesu. "Lakini ilifika mahali, nikimkimbilia tu, anaweka mkoba chini, anainama mbele yangu, anafungua mdomo mwenyewe."

Nje wazee walianza kuita, waleteni wasichana. Wasichana wakagonga mlango, wakagonga tena. Kanini hakuinuka.